Tuache Kubahatisha Dawa za Ndege

Kufuga ndege wa tunduni ni starehe ya zamani katika visiwa vyetu. Tundu hutundikwa barazani, na watoto wa mtaa hukusanyika kumsikiliza kasuku akiwaamkia wapita njia. Starehe hiyo haina ubaya, maadamu ndege amepatikana kwa njia ya halali na anatunzwa kwa huruma. Lakini ipo tabia moja inayokwenda pamoja nayo ambayo hatuwezi kuinyamazia. Kasuku akionekana amejikunyata, amevimbisha manyoya, macho yanatoka maji na kinyesi kimegeuka rangi ya kijani, mwenyewe hakimbilii kwa daktari wa mifugo. Hukimbilia dukani, akanunua unga wa tetrasaiklini uliokusudiwa kuku, akaunyunyiza juu ya mbegu anazokula ndege, kisha akasubiri. Ndege akichangamka siku ya tatu, dawa husimamishwa na sifa hutangazwa mtaa mzima. Akifa, husemwa kwamba siku zake zilikuwa zimekwisha.

Sisi hatusemi kwamba kutia dawa katika chakula cha kasuku ni kosa. Kinyume chake, jambo hilo ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya elimu ya maradhi ya wanyama katika karne iliyopita. Tunalosema ni kwamba mafanikio hayo yalipatikana kwa masharti, na kwamba anayechukua dawa akayaacha masharti yake hamtibu ndege. Anamdanganya ndege, anajidanganya nafsi yake, na anawahatarisha jamaa zake na majirani zake.

Maradhi yaliyozaa tiba hiyo ni yale yaitwayo homa ya kasuku. Huletwa na kijidudu chenye jina la kitaalamu Chlamydia psittaci, ambacho hutoka katika kinyesi na makamasi ya ndege. Kinyesi kikikauka hugeuka vumbi, na vumbi hilo likipeperushwa wakati wa kusafisha tundu huvutwa na binadamu kwa pumzi. Baada ya siku tano hadi kumi na nne hivi mtu hushikwa na homa, kichwa humuuma, viungo humlegea na kikohozi kikavu humwandama. Lililo gumu zaidi ni kwamba ndege anaweza kuonekana mzima kabisa huku akitoa vijidudu hivyo, na huvitoa kwa wingi zaidi anapokuwa katika taabu, kama vile kusafirishwa, kusongamanishwa au kukoseshwa chakula.

Dunia ililipa gharama kubwa ili kulijua jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 1929 na mwanzoni mwa 1930, kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini na kuuzwa kama zawadi walisambaza maradhi katika nchi nyingi. Nchini Marekani peke yake walihesabiwa wagonjwa 169, na 33 kati yao walifariki dunia, yaani karibu mmoja katika kila watano. Tarehe 24 Januari 1930, Rais Herbert Hoover alitia saini amri ya kuzuia uingizaji wa kasuku katika nchi yake. Hata ndani ya maabara ya Serikali mjini Washington, ambamo wataalamu walikuwa wakiyachunguza maradhi hayo, watumishi kadhaa waliambukizwa na mmoja wao akapoteza maisha.

Wakati huo haikuwapo dawa. Dawa ilikuja mwaka 1948, ilipotangazwa klorotetrasaiklini, ya kwanza katika ukoo wa tetrasaiklini. Katika miaka ya 1950, Karl Meyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha California walibuni njia ya kuwafikishia dawa hiyo ndege wengi kwa pamoja bila ya kumkamata na kumdunga sindano kila mmoja, nayo ni kuitia ndani ya chakula. Walichagua nafaka ndogo zilizokwisha kukobolewa, na dawa ikaingizwa ndani ya punje zenyewe. Kwa kasuku wakubwa ukapikwa mseto wa wali na nafaka nyingine, ukaachwa upoe, ndipo dawa ikachanganywa humo, na mseto ukatayarishwa mpya kila siku.

Njia hiyo baadaye iliingizwa katika sheria. Mdondo ulipoteketeza mamilioni ya kuku katika jimbo la California kuanzia mwaka 1971, Serikali ya Marekani iliweka karantini ya siku 30 kwa kila ndege aingiaye, na ndege wa jamii ya kasuku wakalishwa chakula chenye dawa muda wote huo. Ndege wa kwetu pia walipita humo. Katika miaka ya 1980 walisafirishwa kwa wingi mno wale kasuku wadogo wenye uso wa rangi ya chungwa, waitwao kwa jina la mgunduzi Fischer, ambao asili yao ni mbuga za kaskazini ya Tanzania pamoja na visiwa vya Ziwa Viktoria kama Ukerewe. Lakini karantini ilikuwa ya siku 30, na tiba kamili ni ya siku 45. Zile siku 15 zilizobaki ziliachiwa uaminifu wa mnunuzi. Hapo tunajifunza kwamba sheria isiyofika mwisho wa tiba ni sawa na daraja lisilofika ng'ambo.

Kwa nini siku 45? Ni kwa sababu dawa za ukoo huu haziui kijidudu papo hapo. Huzuia tu kisizaane, wakati mwili wa ndege unapojikomboa wenyewe. Nacho ni kijidudu chenye hila, maana hujificha ndani ya chembe hai za mwili na huweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Anayesimamisha dawa siku ya tatu, au hata ya kumi, kwa kuwa ndege ameanza tena kuimba, amekirudisha kijidudu mafichoni tu. Aidha, ndege aliyepona hapati kinga ya kudumu. Akirudishwa katika tundu lile lile lenye vumbi lile lile, ataambukizwa upya.

Sasa tumtazame yule mwenye kunyunyiza unga juu ya mbegu. Kosa lake la kwanza ni kusahau jinsi kasuku anavyokula. Kasuku hukoboa kila punje kwa mdomo wake, akala kiini na kutupa kumbi, na dawa iliyo juu ya kumbi huanguka chini pamoja nalo. Mwenyewe huona chombo kitupu akadhani ndege amekula dawa, kumbe dawa imeliwa na sakafu. Kosa la pili ni kwamba dawa hizi ni chungu, na ndege mgonjwa hamu ya chakula imempungua tangu mwanzo. Kwa hiyo aliye mgonjwa zaidi ndiye anayepata dawa kidogo zaidi. Ndege asiyekula hatibiwi kwa chakula. Huyo hana budi apelekwe kwa daktari, apewe dawa mdomoni au kwa sindano.

Kosa la tatu linawahusu hasa watu wa pwani. Wafugaji wetu wamezoea kumtilia ndege tunduni ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni, ili anoe mdomo na kujipatia madini ya kalsiamu. Hiyo ni desturi njema kwa ndege mzima. Lakini kalsiamu huishika tetrasaiklini tumboni na kuizuia isiingie katika damu. Katika muda wote wa tiba ya tetrasaiklini kwa chakula, mfupa wa dome, maganda ya mayai na madini mengine ya namna hiyo huondolewa, na hurudishwa tiba ikiisha. Kosa la nne ni kuitia dawa katika maji badala ya chakula. Tetrasaiklini ndani ya maji hupoteza nguvu upesi, hasa juani, na kasuku ni ndege anywaye kidogo, tena huyakataa maji yaliyobadilika ladha.

Na la tano ni kipimo chenyewe. Kasuku wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi, na kasuku mdogo wa Fischer hafiki sana gramu 50. Kiganja cha mkono si mizani ya viumbe kama hao. Dawa ikipungua haifanyi kazi, na ikizidi, au ikitumika ovyo kwa muda mrefu, huua vijidudu vyema vya tumboni na kufungua njia kwa ukungu, jambo linaloweza kumuua ndege aliyekuwa amenusurika na maradhi ya kwanza. Kwa makusudi kabisa hatuandiki hapa kiasi cha dawa kwa kilo ya chakula. Hiyo ni kazi ya daktari aliyemwona ndege, si kazi ya gazeti.

Lakini makosa yote hayo matano yanakuja baada ya kosa lililo mama yao, nalo ni kutibu kabla ya kujua. Kinyesi cha kijani si cheti cha homa ya kasuku. Mdondo nao hukifanya kinyesi kuwa cha kijani, na mdondo huletwa na virusi, ambavyo hakuna antibiotiki ya kuvishinda. Kinga yake ni chanjo, na kwa kuku wetu chanjo ya matone ya macho ipo na hutengenezwa hapa hapa Tanzania. Yapo maradhi mengine ya virusi yanayomharibu kasuku manyoya na mdomo, nayo pia hayasikii antibiotiki. Hata miongoni mwa maradhi ya bakteria yenyewe, vipo vijidudu vingi vya tumboni na vya pafu ambavyo tetrasaiklini haivitishi. Daktari huchukua sampuli, akaipeleka maabara, ndipo akachagua dawa. Mwenye duka hana maabara nyuma ya kaunta yake.

Wako watakaotuuliza kwa nini tunapoteza wino kwa ajili ya kasuku wakati wananchi wana matatizo makubwa zaidi. Jawabu letu ni kwamba dawa iliyomo tunduni na dawa iliyomo hospitalini ni ndugu wa tumbo moja. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1978, kipindupindu kilipoingia Zanzibar baada ya kuzuka Bara mwaka 1977. Katika mlipuko ule, tetrasaiklini ilitumiwa Tanzania kwa wingi, si kwa wagonjwa peke yao bali hata kwa watu wazima wa afya kama kinga. Mwanzoni vijidudu vyote vya kipindupindu vilivyopimwa vilikuwa vikiitii dawa hiyo. Baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 ya vijidudu vilivyopimwa vilikuwa sugu. Wataalamu wetu wenyewe wa Dar es Salaam ndio waliolichunguza jambo hilo na kulitangaza duniani mwaka 1979. Ni kweli kwamba tiba ya kwanza ya kipindupindu ni maji yenye chumvi na sukari, lakini kupoteza dawa ndani ya miezi mitano ni hasara ambayo nchi maskini haiwezi kuirudia.

Hasara hiyo sasa imekuwa ya dunia nzima. Imekadiriwa kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Bila shaka tundu moja la kasuku si kitu mbele ya hesabu hiyo. Lakini tundu, banda la kuku, zizi la ng'ombe na kabati la dawa nyumbani, vyote vikibahatishiwa dawa kwa mkono mmoja, ndivyo vinavyoijaza hesabu yenyewe. Unga unaonyunyizwa juu ya mbegu za kasuku ni ule ule unaomwagwa katika maji ya kuku wa mayai, na mayai hayo huliwa mezani petu.

Wala homa ya kasuku si habari ya zamani. Mwezi Machi 1924 haukujua jina hili kwa upana, lakini mwezi Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba wagonjwa wake walikuwa wameongezeka katika nchi tano za Ulaya, na watu watano walikuwa wamekufa. Hatusemi kwamba maradhi hayo yamezuka visiwani. Tunasema kwamba dalili zake hufanana sana na dalili za homa tulizozizoea, na kwamba malaria imeshushwa sana Unguja na Pemba, hata homa isiyo malaria inastahili kuulizwa sababu yake. Mgonjwa wa homa ya kasuku akitambuliwa mapema hutibika kwa doksisaiklini, na vifo ni nadra. Asipoulizwa kama anafuga ndege, hatatambuliwa.

Kwa hiyo, kwanza twawageukia wafugaji. Ndege mpya asichanganywe na wengine siku aliyofika, bali atengwe chumba mbali na uangaliwe mwenendo wake. Tundu lisifagiliwe kavu. Lilowanishwe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, na mwenye kulisafisha afunike pua na mdomo, kisha anawe mikono kwa sabuni. Watoto wadogo, wazee na wajawazito wasipewe kazi hiyo. Ndege akiugua apelekwe kwa daktari wa mifugo. Daktari akiamuru chakula chenye dawa kwa siku 45, basi ziwe 45 kamili, na chakula kingine chote kiondolewe, maana ndege akipewa tende na karanga pembeni hatagusa mseto wenye uchungu. Na mtu yeyote wa nyumba hiyo akipatwa na homa, amwambie daktari wake waziwazi kwamba nyumbani mna kasuku mgonjwa.

Pili, twawageukia viongozi wa Serikali. Uuzaji wa antibiotiki za wanyama uandamane na cheti cha daktari wa mifugo kwa vitendo, si kwa maandishi tu, na wakaguzi wa Wakala wa Chakula na Dawa wapite madukani mara kwa mara. Maabara ya mifugo ya Maruhubi iwezeshwe kupima maradhi ya ndege, na iwekwe njia ya uhakika ya kuvusha sampuli kutoka Pemba bila ya kuharibika, kwani si haki kasuku au kuku wa Wete atibiwe kwa kubahatisha kwa sababu tu ya maji yaliyo kati yake na maabara. Mahali chakula chenye dawa kinapohitajika, Idara ya mifugo ikitayarishe au isimamie utayarishaji wake, na afisa wa mifugo amtembelee mwenye ndege hadi siku ya mwisho. Tusirudie kosa la wale waliosimamia siku 30 wakaacha 15. Hospitali na ofisi za mifugo nazo ziwe na desturi ya kupeana habari, kwa maana maradhi haya hayatambui mpaka baina ya wizara na wizara.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ni gumu. Tangu tarehe 2 Januari 2017, kasuku wa kijivu amewekwa katika orodha ya juu kabisa ya viumbe wanaolindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Uamuzi huo ni wa haki, na twauunga mkono, kwa kuwa misitu ya Afrika ilikuwa ikinyang'anywa ndege hao kwa maelfu. Lakini ndege anayepitishwa kwa magendo hukwepa karantini pamoja na ushuru, na mwenye ndege asiye na karatasi huogopa kumpeleka kwa daktari asije akanyang'anywa. Matokeo yake, ndege aliye hatari zaidi ndiye anayefichwa zaidi. Twashauri Serikali iweke muda maalumu, uliotangazwa kwa kila sheha, ambapo wenye ndege watawaandikisha na kuwapima bila ya kushitakiwa, na muda huo ukipita sheria ishike mkondo wake bila ya kumwonea haya mtu yeyote. Mficha maradhi kifo humuumbua. Serikali yenye hekima humpunguzia mwananchi sababu ya kuficha.

Hatuombi muujiza. Kisiwa kina mlango, na mwenye mlango anaweza kuulinda. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina tena mbung'o, baada ya kazi ya miaka ambamo mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi walizalishwa Tanga na kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, wiki baada ya wiki, hadi mbung'o wa mwisho akaonekana mwaka 1996. Ushindi ule ulipatikana kwa sababu kazi haikusimamishwa wadudu walipoanza kupungua. Iliendelezwa hadi wakaisha. Roho ile ile ndiyo inayotakiwa mbele ya tundu la kasuku: kujua kwanza, kupima kwa usahihi, na kuendelea hadi siku ya mwisho. Bandarini Malindi na Mkoani, madukani, maabara na barazani petu, kila mmoja ana sehemu yake ya kazi hiyo, na haifai tena kuiachia bahati.